Mashine mpya kwa mashua kuukuu: pima tezi kabla ya kwenda dukani

Mashine ya kubanwa tezi, yaani nyuma ya mashua, ikishakufa, mwenye mashua huanza kwa kuuliza bei. Aanze kwa futi ya kupimia. Mashua ya mbao iliyoundwa Matondoni miaka 20 au 30 iliyopita ina umbo lake, uzito wake na kikomo chake cha mwendo, na mashine yoyote utakayoifunga italazimika kutii hayo matatu. Hospawa za ziada hazitakufikisha Kizingitini mapema. Zitakula petroli, zitazamisha tezi, na mtikisiko wake utalegeza kalafati (pamba ya kuziba mianya ya mbao) na misumari ambayo tayari ina umri.

Maelezo haya yanahusu mashua na madau ya uvuvi ya Lamu yenye urefu wa mita 6 hadi 10, yanayobeba nyavu, barafu na watu wanne au watano. Boti za faiba zinazopanda juu ya maji zina hesabu nyingine kabisa: kwa hizo, kadiria hospawa 1 kwa kila kilo 15 hivi za uzito wote, na hapo ndipo mashine ya 40 ina kazi ya kufanya.

Mwendo ambao mashua yako haiwezi kuupita

Mashua yenye tumbo hulima maji. Ikienda hujenga wimbi omo (mbele) na wimbi jingine tezi, na kadiri inavyokazana mawimbi hayo mawili hutengana mpaka chombo kizima kikae kwenye bonde lililo katikati. Kutoka hapo ni kama kupanda kilima, na hakuna mashine ya kawaida itakayokitoa.

Kikomo hicho unaweza kukipiga hesabu kwa simu. Pima urefu wa mashua kwenye mstari wa maji ikiwa na shehena, kwa mita. Tafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo, kisha zidisha kwa 2.43. Mita 6 zinatoa karibu noti 6, yaani maili 6 za baharini kwa saa. Mita 8 zinatoa noti 6.9. Mita 9 zinatoa noti 7.3. Tazama jinsi mita moja ya mwisho ilivyoongeza kidogo.

Sasa uzito. Zidisha urefu wa mstari wa maji kwa upana wa hapo hapo, kisha kwa kina cha tumbo ndani ya maji bila kuhesabu mkuku (mti mkuu wa chini), halafu zidisha kwa 0.42. Jibu ni makisio ya tani. Mashua ya mita 8, upana mita 2, tumbo lililozama sentimita 45: 8 × 2 × 0.45 × 0.42, yaani tani 3. Kufikia kikomo chake cha mwendo chombo cha namna hii kinahitaji hospawa 4 hadi 5 kwa kila tani, kwa hiyo 12 hadi 15. Ukitoka mlango wa Shela wakati wa kusi, upepo na mkondo vikiwa usoni, utataka akiba kidogo. Mashine ya 15 inatosha. 20 au 25 ni akiba ya kutosha na kuzidi. Ya 40 kwenye mashua hii itakupa noti ile ile 6.9 na tezi iliyochimba maji.

Ubao wa tezi

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, na ndipo watu wengi wanapopita haraka. Subiri bamvua, laza mashua ufuoni maji yakiwa yamekupwa, ondoa mashine ya zamani pamoja na vipande vyote vya mbao na mpira vilivyokuwa chini ya vibanio vyake. Chukua bisibisi ya bapa na nyundo ndogo. Gonga ubao wote kuanzia juu kushuka chini na usikilize: mbao nzima hulia kwa sauti kavu, iliyooza hutoa sauti ya bubu. Kisha choma kwa bisibisi kwenye matundu ya bolti, mahali vibanio vilipokuwa vikikaa, kwenye pembe mbili za chini, na kwenye ukingo wa juu. Bisibisi ikizama milimita 5 au zaidi kwa nguvu ya mkono tu, mbao hiyo imekwisha.

Ukingo wa juu huoza kabla ya sehemu zilizo chini ya maji, na sababu yake ni mvua. Maji ya chumvi yanahifadhi mbao; maji ya mvua yanayotuama kwenye mkato wa mashine ndiyo yanayoiozesha. Ukiona mbao imekuwa nyeusi na inachambuka vipande vidogo vya mraba, usijaribu kuziba kwa rangi au faiba juu yake. Kata mpaka ufike mbao nzima na uunge upya.

Unene unaofaa kwa mashine za kubana ni milimita 45 hadi 55. Ukiwa pungufu, vibanio vitafika mwisho bila kukaza vizuri. Ukizidi sana, havitaingia. Mashua nyingi za zamani zina ubao mwembamba wa tezi wa milimita 30 hivi, uliotengenezwa kubeba usukani tu. Ongeza ubao wa pili kwa ndani, mbambakofi au mvule, uufunge kwa bolti zinazopita mbao zote mbili, na uhakikishe unashuka mpaka ushike taruma (mbavu ya ndani) la mwisho. Kipande kifupi kinachoning'inia juu hakisaidii, kwa sababu nguvu ya propela inasukuma sehemu ya chini ya mabano ya mashine mbele na kuvuta sehemu ya juu nyuma. Tazama pia mbao za kona zinazounga ubao wa tezi na ubavu. Mtu mmoja akae tezi aushike ukingo wa juu autikise mbele na nyuma, na mwingine atazame kwenye kona: ufa ukifunguka hata kidogo, kaza hapo kabla ya kufikiria mashine.

Shafti: inchi 15 au inchi 20

Mashine za kubana huuzwa kwa urefu tatu wa shafti: fupi, inchi 15 (milimita 381), ndefu, inchi 20 (milimita 508), na ndefu zaidi, inchi 25 (milimita 635). Kosa la urefu wa shafti ni ghali, maana halirekebishiki kwa propela wala kwa oili.

Pima hivi. Simama nyuma ya tezi, weka futi juu ya ukingo mahali pale pale mashine itakapokaa, shuka wima mpaka usawa wa chini ya tumbo la mashua mahali hapo. Usipime mpaka chini ya mkuku. Mashua yenye usukani wa katikati hulazimika kubeba mashine pembeni, na pembeni tumbo liko juu kuliko katikati, kwa hiyo kipimo ni cha pale pembeni.

Kile bapa kilicho juu ya propela kinatakiwa kikae milimita 25 chini ya tumbo. Kwa mashua nzito inayofanya kazi kwenye mawimbi, hata milimita 50 haidhuru. Kikikaa juu ya tumbo, propela inavuta hewa: mashine inapiga kelele ghafla, mwendo unapotea, na kila wimbi likipita tezi ndivyo hivyo. Mashine iliyofungwa pembeni inatoka majini zaidi mashua inapolala upande, kwa hiyo kipimo kikiwa karibu na mpaka chagua ndefu.

Kipimo kikiwa inchi 18, nunua ndefu, kisha inua ukingo kwa ubao mgumu wa inchi 1. Usikate ukingo kushuka ili shafti fupi ifike. Mkato huo ndio mlango wa wimbi la nyuma, na wakati wa kusi wimbi la nyuma ndilo linalojaza mashua maji.

Jina la mashine lenyewe linakuambia urefu. Kwenye Yamaha, kwa mfano E15DMHL, herufi ya mwisho L ni shafti ndefu, S ni fupi, X ni ndefu zaidi; M ni kuwashwa kwa kamba na H ni mkono wa kuelekezea. Jina likianza na EK, hiyo imeundwa kwa mafuta ya taa baada ya kuwashwa kwa petroli, si mashine ya petroli tupu. Soma kibandiko kilicho kwenye mabano, usisome maandishi ya kava, maana kava huhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine.

Jambo moja zaidi kuhusu mkuku. Kama mashine inakaa katikati, nyuma ya mkuku mnene uliokatwa wima, maji yanafika kwenye propela yakiwa yamevurugika na kuchanganyika na hewa. Mwambie fundi achonge mwisho wa mkuku pande zote mbili uwe mwembamba taratibu kwa sentimita 30 au 40 za mwisho. Ni kazi ya asubuhi moja kwa tezo, na mara nyingi inaondoa tatizo ambalo mtu angelilaumu propela.

Uzito: jaribu kwa mchanga

Mashine ya 15 ya tu-stroki (mipigo miwili) ina kilo 36 hivi; ya 15 ya fo-stroki (mipigo minne) inazidi kilo 50. Kwa 40 tofauti ni kubwa zaidi, kilo 70 na kitu dhidi ya karibu 100. Kwenye mashua ya zamani ambayo mbao zake zimekunywa maji kwa miaka, kilo 30 za ziada mwisho kabisa wa tezi zinaonekana.

Kabla hujalipa, jaza magunia mchanga wa uzito wa mashine unayoitaka, yafunge mahali pake, weka na dumu la petroli na mtu mmoja wa kuelekeza. Mashua ikiwa inaelea, tazama maji yamefika wapi nyuma. Yakifika kwenye mwungano wa mbao ambao siku zote ulikuwa mkavu, kalafati ya hapo imekauka na itavuja. Ama urudishie kalafati mpya kabla ya kufunga mashine, ama uchague mashine nyepesi.

Uzito una jambo jingine. Wengi huvua mashine jioni kwa kuogopa wezi na kuipeleka nyumbani. Kilo 36 mtu mmoja mwenye nguvu anabeba begani. Kilo 50 zinataka wawili. Kilo 100 haziondoki bila watu wanne, na mashine isiyovuliwa inabaki na chumvi ndani mpaka asubuhi.

Tu-stroki au fo-stroki

Hesabu ya petroli, koo (mlango wa hewa na petroli wa mashine) ikiwa wazi kabisa: tu-stroki ya kabureta hula karibu nusu lita kwa kila hospawa kwa saa, fo-stroki karibu theluthi ya lita. Mashine ya 15 ni lita 7.5 dhidi ya lita 5. Ukitembea saa 3 kwa siku, tofauti ni lita 7.5 kila siku, na bado tu-stroki inataka oili ndani ya petroli: kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, mililita 20 kwa kila lita, mililita 400 kwa dumu la lita 20. Anayetoka kila siku kwa mashine atarudisha bei ya juu ya fo-stroki kwa petroli peke yake.

Lakini fo-stroki ina masharti. Oili yake ya injini ibadilishwe kila saa 100, ikiwa na filta yake. Petroli iwe safi. Ile inayotoka kwenye madumu yenye maji na kutu chini itaiua, hasa zile zenye sindano za kompyuta, kwa hiyo funga filta ya kutenganisha maji kati ya tangi na mashine. Na haiwezi kulazwa ovyo: ilazwe kwa upande ulioonyeshwa kwenye mashine, la sivyo oili inaingia kwenye silinda na asubuhi haiwaki.

Kwa anayetumia tanga zaidi na kuwasha mashine kwa kuingia na kutoka tu, au anayeishi Kiwayu au Ndau ambako fundi na spea viko mbali, tu-stroki ya kuwashwa kwa kamba bado ni chaguo la akili. Ina vitu vichache, na mafundi wengi wa visiwani wanaijua kwa kuipapasa. Chagua aina ambayo spea zake unaziona kwa macho yako dukani Lamu mjini au Mombasa, hata kama nyingine ni nafuu.

Propela ndiyo inayofanya mashine ilingane na mashua

Mashine inayotoka dukani imefungwa propela ya boti nyepesi. Chukua 15 yenye gia ya 2.08 kwa 1 na propela ya pichi (umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja) inchi 9. Kwa mizunguko 5,000 kwa dakika propela hiyo inajaribu kwenda noti 17 na kitu. Mashua yako inakwenda 6.5. Mashine inaelemewa, haifiki mizunguko yake, koo iko wazi petroli inaingia lakini haichomeki yote. Moshi mweusi, kaboni kwenye plagi na pistoni, joto, na baada ya misimu michache ringi zimenata. Watu husema mashine ilikuwa mbovu. Ilikuwa na propela isiyo yake.

Kwa mashua nzito tafuta pichi 7 au 8, yenye kipenyo kikubwa kadiri giaboksi inavyoruhusu. Kipimo cha kweli ni takometa ndogo inayozungushiwa waya wa plagi: ukiwa na shehena ya kawaida, koo wazi, mashine ifike ndani ya mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Ikiwa chini, punguza pichi. Kila inchi 1 inabadilisha mizunguko 150 hadi 200. Ikizidi, ongeza. Zipo pia mashine zilizoundwa kwa kazi hii hasa: Yamaha T9.9 ina gia ya 2.92 kwa 1 na propela kubwa, na kwenye chombo cha tani 2 au 3 inasukuma vizuri kuliko namba yake inavyoonyesha.

Ukinunua iliyotumika

Ifike kabla ya muuzaji kuiwasha. Mashine iliyokwisha pata moto inaficha ugumu wake wa kuwaka.

Anza na giaboksi. Mashine iwe imesimama wima usiku mzima. Legeza skrubu ya chini kidogo tu, tone la kwanza litoke. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, kwa hiyo yakiwamo ndiyo yatakayotoka kwanza. Oili ya rangi ya maziwa ni sili iliyokwisha. Unga wa chuma kwenye skrubu yenye sumaku ni wa kawaida; vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida, iache.

Toa plagi zote, pima kompresheni ya kila silinda, koo ikiwa wazi, kamba ivutwe mara tano au sita, na waya za plagi zikiwa zimegusishwa kwenye chuma cha mashine. Namba zisitofautiane zaidi ya asilimia 10. Silinda moja ikiwa chini, bei nzuri haikusaidii.

Shika propela uivute mbele na nyuma, tazama kama shafti inacheza. Fungua kava uone bolti za kichwa zilizoota unga mweupe wa chumvi, na rangi iliyopuliziwa juu ya alumini iliyoliwa. Kisha iwashe kwenye mashua. Pipa la maji linaonyesha kwamba inawaka na pampu inasukuma, basi. Joto na nguvu huonekana baada ya dakika 20 za safari yenye mzigo. Maji yanayochuruzika nyuma yawe ya vuguvugu na yatoke mfululizo. Yakitoka kwa mvuke au kwa kukatika, njia za maji zimeziba chumvi.

Namba ya mashine ifanane na ya kwenye risiti, na isiwe imesuguliwa. Mashine za wizi hutembea pwani nzima, na ukikamatwa nayo hasara ni yako.

Kuifunga, na saa 10 za kwanza

Vibanio peke yake havitoshi. Tumia pia bolti mbili za chini, chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, na washa pana ndani. Kila tundu lijazwe dawa ya kuziba kama Sikaflex kabla ya bolti kuingia, maana tundu lisilozibwa ndilo mwanzo wa kuoza kwa tezi mpya. Funga mnyororo wa usalama kwenye taruma, si kwenye ubao wenyewe. Zungusha usukani na mashine pande zote mpaka mwisho, mashua ikiwa nchi kavu, uone kama propela inagusa usukani. Na rangi ya shaba ya kuzuia chaza isiguse mashine kabisa. Shaba inakula alumini.

Tu-stroki mpya hupewa mchanganyiko wa 25 kwa 1 kwa saa 10 za kwanza, mililita 800 kwa lita 20, oili ya TC-W3, isipokuwa kitabu chake kimesema vingine. Usiipeleke koo wazi kwa muda mrefu katika saa hizo, na usiiache iungurume mahali pamoja.

Ukipita Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, maji yakiwa madogo, inua mashine kidogo na upunguze koo, kwa sababu tope na mchanga vinavyovutwa hapo hukwangua impela (gurudumu la mpira) ya pampu ya maji. Impela ibadilishwe kila mwaka hata kama inaonekana nzima. Mabawa yaliyopinda upande mmoja yameshapoteza nguvu. Zinki, kile kipande kinacholiwa badala ya mashine, ibadilishwe ikifika nusu. Ndani ya mashua kuwe na kisanduku kisichoingiza maji chenye plagi 2 na spana yake, impela 1, propela ya akiba na pini zake au nati yake, kamba ya kuwashia, na mpira wa petroli wenye pampu yake ya mkono. Mjulishe pia afisa wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) yako namba ya mashine mpya, na uiandikishe kabla ya ukaguzi wa Kenya Maritime Authority, ili karatasi na kilicho kwenye tezi viwe kitu kimoja.